Daktari wa Avenyu ya Nane

Matangani mwezi uliopita kijana mmoja anayesomea udaktari alimnong'oneza mwenzake: "Kumbe mzee alikuwa mwanajeshi? Mimi nilijua ni daktari." Mwenzake akamjibu kwamba mtu hawezi kuwa vyote viwili. Wamezaliwa baada ya Mkataba wa amani wa Arusha, siwalaumu sana. Lakini sisi tuliochomwa sindano na yule mzee tunapungua, na vijana wa Buyenzi, hapa Bujumbura, wanadhani mtaa wao ulianza na gereji na vipuri.

Jina lake sitalitaja. Hata enzi za uhai wake halikutumika. Aliitwa Daktari, basi. Alikuja kwetu akiwa Kapiteni na akastaafu akiwa Kanali, na vyeo vyote hivyo havikubadilisha salamu. Tulimwambia "Asalaam aleikum, Daktari", naye Mkatoliki wa milimani Muramvya akaitikia "Aleikum salaam" kwa lafudhi yake nzito ya Kirundi. Dada yangu anasema alihamia mwaka 1984. Ukihesabu kwa umri wa binti mkubwa wa Daktari unapata 1982. Tuseme ni miaka hiyo.

Ofisa wa siku hizo alikaa kambini, au Rohero, au Kinindo kwenye bustani na mbwa. Huyu alimpenda binti wa fundi cherehani wa avenyu ya nane, na badala ya kumchukua akamfuata. Wakajengewa vyumba viwili ndani ya ua wa wakwe. Wenzake wa jeshini walisema amelishwa kitu. Yeye alisema kambini hakuna mama mkwe anayejua kupika samaki wa mukeke kwa mawese.

Asubuhi gari la jeshi lilimpeleka Kamenge, Hospitali ya Kijeshi. Saa sita mchana alirudi kula na watoto, mkekani, kwenye sinia moja nao. Jioni alivua sare, akaitundika msumarini nyuma ya mlango, akafunga kikoi na kutoka barazani. Hakumtibu mtu wa mtaani akiwa na sare. Foleni ilikuwa imeshajipanga tangu alasiri: wenye homa, wenye majipu, kina mama na watoto wa kuharisha. Ila kwanza watoto wake walisoma. Mmoja mmoja alisimama mbele ya baba akataja jedwali la kuzidisha, kisha akasoma ukurasa wa Kifaransa, na mgonjwa akangoja, hata awe anatetemeka. Najua mchuuzi mmoja wa ndagala wa soko la Ruvumera ambaye hakuwahi kuingia darasani; saba mara nane alijifunzia kwenye foleni ile.

Halafu ndiyo dawa. Klorokini, ile chungu iliyokufanya ujikune usiku kucha hadi ukatamani homa irudi. Watoto wa leo hawaijui, maana iliachwa mwaka 2003 malaria ilipoizoea, ikaja dawa ya mseto. Dawa ya bluu kwa vidonda vya mdomoni. Na spiriti. Harufu ya spiriti ilitawala avenyu nzima jioni, ikachanganyika na ya ndagala waliokauka.

Spiriti ile ilitoka kwa Mzee wa Daftari, nami lazima nimtaje, kwa sababu bila yeye baraza lisingekuwepo. Alikuwa Mwarabu mzaliwa wa Ujiji mwenye duka la giza katika Mtaa wa Waasia. Ukiingia kutoka juani ulisimama kwanza uzoee, ukisikia iliki, mafuta ya taa, sabuni ya mche na karatasi za zamani. Pamba iliwekwa juu ya rafu, bendeji chini ya magunia ya karanga, vichupa vya ayodini ndani ya kabati la kioo lenye kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni. Daktari hakutaka kuchukua hata bendeji moja ya jeshi kwa ajili ya jirani. "Ile ya askari ni ya askari," alisema. Kwa hiyo alinunua kwa mkopo, naye mzee akaandika kwa wino wa zambarau, kwa herufi za Kiarabu, kwenye daftari la jalada jeusi.

Mwisho wa mwezi nilitumwa na bahasha. Mzee alizihesabu faranga mara mbili, akarudisha mbili tatu, akasema, "Hizi mwambie za mtoto wa yule mjane." Mjane gani, sikuambiwa. Aliwakemea wateja wote, alimwachia paka alale juu ya mchele, na mizani yake sikuiamini kwa sukari wala kwa chumvi. Ila ukurasa wa Daktari haukuwahi kufungwa. Duka lile sasa linauza makava ya simu, na kijana aliyekaa humo ana spika inayopiga kelele kutoka asubuhi. Nikimuuliza pamba, ananielekeza soko la Kwa Siyoni.

Miaka ya tisini, ya vita, sitaki kuirefusha. Buyenzi ilibaki na watu wa kila namna wakati mitaa mingine ilipogawanyika, na wasomaji wa Buja wanajua gharama yake. Jeshi lile lilikuwa jeshi lile. Daktari alikuwa ofisa wake. Alilala Kamenge kwa majuma, na aliporudi alivulia buti nje. Mkewe aliifua sare kabla watoto hawajaamka. Baadhi ya majirani waliacha kuja barazani, wengine walikuja usiku kwa kupitia uani. Hatukumuuliza alichokiona huko, naye hakutuuliza tumemficha nani chumba cha nyuma, ingawa mara moja alimwachia bibi yangu vidonge vya mtu ambaye hakuwa ametajwa.

Mwaka 1996, mwishoni mwa Julai, nchi jirani zilitufungia mipaka. Siku chache baadaye mwanariadha wetu Vénuste Niyongabo akatwaa dhahabu ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Atlanta, tukapiga vigelegele huku hatuna petroli. Barazani spiriti ilianza kugawiwa kwa kijiko. Mzee wa Daftari alifariki kabla ya vikwazo kuondolewa mwaka 1999, na warithi wake walipofungua kabati la kioo walikuta vichupa vitupu.

Kisha mambo yakaenda mbio. Jeshi likaunganishwa na waasi waliokuwa msituni. Daktari aliniambia kwamba wodini Kamenge aliwalaza sajenti na muasi wa zamani vitanda jirani, na wote wawili walikuwa wanakoroma vilevile. Akastaafu. Kijana wake akaenda Somalia na kikosi cha kulinda amani, na Februari 2009, waliposhambuliwa wanajeshi wa Burundi kule Mogadishu na kufa 11, mzee alikaa barazani na redio mapajani, hakula, hakumpima mtu presha, hadi simu ilipolia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Na matibabu je? Mwaka 2002 hospitali za serikali zilitakiwa kujitegemea kwa malipo ya wagonjwa. Tukazoea kusikia mama aliyejifungua anazuiliwa wodini kama mahabusu kwa sababu ya deni, hadi Mei 2006 uzazi na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano vilipofanywa bure. Ni jambo jema, nalisema bila kusitasita. Lakini mwenye miaka sita je? Na bibi? Kliniki zimejaa mjini, vioo vitupu, na swali la kwanza mapokezini ni la pesa, la pili ni la bima. Jirani yangu mwaka jana alishikwa na pumu usiku. Petroli hakuna, teksi zimelala kwenye foleni ya kituo, tukambeba kwa mkokoteni wa ndizi. Alifika hai, na mtu wa mapokezi akamuuliza kitambulisho.

Madaktari wa sasa ni wengi kuliko wa wakati ule, na wana mashine ambazo Daktari hakuziota. Nawaheshimu. Wanakaa Kiriri, Kinindo na Gihosha. Kwenye avenyu ya nane hakuna hata mmoja.