Namba C Haibadilishi Oili

Ndugu zangu wa Jericho,

Wiki hii mpwa wangu, kijana wa Ofafa Jericho, amenitumia rundo la picha za Subaru Forester. Ubavu, mbele, nyuma, rimu zinametameta, hata redio imepigwa picha yake ya peke yake. Chini kaandika: "Anko, namba C, safi kabisa. Niongezee tu kidogo." Picha ya dashibodi ndiyo iliyokuwa na ukungu. Nimeikuza mpaka nikasoma: kilomita 180,000.

Sasa niwaambie jambo litakalowasikitisha. Mimi hapa Coventry naendesha Toyota Yaris ya 2009, hiyo hiyo mnayoiita Vitz. Imekwenda maili 112,000. Zigeuze ziwe kilomita, utapata 180,000 na ushei, sawasawa na Forester ya kijana. Yangu siiogopi, yake inaninyima usingizi.

Uingereza gari likishatimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka. Ukaguzi huo huitwa MOT, na kituo hakiruhusiwi kutoza zaidi ya pauni 54.85. Fundi hulipandisha gari juu, akapima breki, akatikisa magurudumu asikie bushi zilizolegea, akaangalia kama mitaro ya tairi ina kina cha angalau milimita 1.6. Hapa adui mkubwa ni kutu, maana wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi, kwa hiyo na uvungu humulikwa. Kisha matokeo huwekwa kwenye tovuti ya serikali. Yeyote mwenye namba ya gari anasoma, bure, lilifeli mwaka gani, kwa kosa gani, na mita ilisoma maili ngapi siku hiyo. Aliyerudisha mita nyuma anaumbuka mbele ya taifa zima. Kabla sijainunua Yaris nilijua mpaka springi iliyovunjika kabla yangu.

Kwetu tunasoma herufi ya namba ya gari. Namba A ni ya babu, B ni ya kusukumwa, C anaitwa mheshimiwa, D anafunguliwa geti kabla hajapiga honi. Lakini herufi hiyo inaeleza gari lilisajiliwa Kenya lini. Haielezi lilitoka kiwandani lini. Sheria yetu hairuhusu magari yenye zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, kwa hiyo Forester ya 2008 iliweza kushuka Mombasa mwaka 2015, ikavishwa namba C na kuonekana kijana. Kule Japani ilikuwa imekaguliwa ilipofika miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Ikishatoka bandarini ikawa ya mtu binafsi, inaweza kuzunguka Nairobi miaka na mikaka bila kukanyaga kituo cha ukaguzi. Historia yake inabaki kinywani mwa muuzaji, na muuzaji wa Nairobi mnamjua: gari lake siku zote lilikuwa la mama mmoja wa kanisani, wa kwenda ibada na kurudi.

Na nyinyi mnapenda kusadiki! Mtu anaweka akiba miaka mitatu, anamaliza yote hadi shilingi ya mwisho kwenye bei, halafu anaendesha kwa maombi. Nyumba zetu zilijengwa bila hata nafasi ya gari, lakini tembeeni jioni mhesabu yaliyopandishwa juu ya mawe, nyasi zimeota mpaka kwenye bampa. Hayo hayakuuawa na ajali. Yaliuawa na spea ya kwanza ambayo mwenyewe hakuiwekea bajeti. Jumamosi gari linaoshwa, muziki unapigwa, Jumatatu bosi yuko kwenye mathree na nyinyi.

Basi wewe mpwa, na yeyote mwenye picha kama hizo kwenye simu, sikia. Injini nyingi za Forester za miaka ile hutumia mkanda wa taimingi, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Uliza wa kwanza ulibadilishwa lini, na risiti iko wapi. Hata kama ulibadilishwa kwa wakati, kwenye 200,000 wa pili unakungoja wewe, pamoja na pampu ya maji na roli zake. Ukikatika njiani, pistoni hugonga valvu, na hapo hutengenezi, unatafuta injini. Hilo gari linavuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo tairi zote zilingane. Ukizoea kununua moja moja kila inapopasuka, utaua mitambo ya katikati. Oili ya gia boksi iangaliwe rangi na harufu. Ikinuka kuungua, rudi nyumbani. Kama gari lililetwa moja kwa moja kutoka Japani, dai karatasi ya mnada, ulinganishe namba ya chesisi na kilomita zilizoandikwa humo. Halafu lete fundi wako, asiwe binamu ya muuzaji. Ukitoka hapo pita Grogan kwa wauza spea, uulize bei za shokomzoba, pedi za breki na bushi kabla ya kuuliza punguzo la gari.

Petroli nayo si siri, EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kila tarehe 14. Tuseme lita ni shilingi 180, gari linakwenda kilomita 10 kwa lita, na kazi yako ni Westlands, kilomita 25 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 9,900, na hapo nimejifanya kwamba Jogoo Road haina foleni. Ongeza bima, maegesho mjini, mlinzi wa usiku, na vile vioo vya pembeni ambavyo utavinunua tena kwa aliyeviiba.

Mimi ningechukua Probox ya 1500 cc, yenye cheni badala ya mkanda, hata kama wasichana wa Buruburu watacheka. Ukishikilia Forester, sharti langu ni moja: bei ya gari ulipe wewe, na robo ya bei hiyo ibaki benki siku utakayokabidhiwa funguo. Pesa ya fundi wa kukagua nitaituma Ijumaa, kwa simu ya mama yako.