Kushuka Mai Mahiu ndio ngoma

Msomaji, kama wewe ni mkazi wa Nairobi mwenye familia, haikosi mara moja au mbili kwa mwaka mnapakia vikapu, blanketi na watoto ndani ya gari na kushika njia ya Naivasha. Wengine huenda kupunga hewa ziwani. Wengine huwapitia wazee mashambani kule Nakuru au Narok. Na tangu mwaka 2021, Safari Rally iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, umati wa watu huteremka kwenda kutazama vumbi likitimka kule Kedong na Hell's Gate.

Njia za kufika huko ni mbili. Kuna ile ya juu inayopitia Kimende na Kinungi, na kuna ile ya zamani inayochepuka Rironi na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi mji wa Mai Mahiu. Leo nakuomba tuandamane katika hii ya pili, kwa sababu ni miongoni mwa barabara zenye mandhari ya kupendeza zaidi nchini, na pia ni mwalimu mkali kwa dereva asiyejua kutunza breki zake. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Ardhi inapofunguka

Ukiondoka Rironi, bado uko kwenye baridi ya Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuna mashamba ya viazi na sukuma wiki, kondoo wenye sufu nzito, na asubuhi za Julai ukungu huwa mzito hata taa za gari la mbele huzioni vyema. Kisha, bila ya kukuaga, ardhi inafunguka upande wa kushoto. Chini kabisa kumetandazwa bonde la rangi ya majani makavu, na katikati yake umesimama mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776, kilele chake kimebonyea kama chungu kilichopasuka mdomo. Upande wa kusini ni mlima Suswa. Kando ya barabara kuna vibanda vya wachuuzi wa ngozi za kondoo, kofia, vikapu na shuka za Kimasai, na mara nyingi nyani wameketi wakingoja mtoto wa mjini atupe ganda la ndizi.

Hebu tazama jambo moja ambalo wengi hawalitilii maanani. Hapa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, na unaposhuka kutoka Nairobi bonde nalo liko kushoto. Maana yake ni kwamba wewe unayeteremka ndiwe uliye upande wa genge. Ukuta wa mlima uko kulia, ng'ambo ya magari yanayopanda. Breki zikikukataa hapa, huna ukingo wa kuegemea bila ya kuvuka mbele ya lori linalokuja.

Mteremko huu umewasumbua watu tangu zamani. Wajenzi wa reli ya Uganda walipofika ukingoni, walilazimika kuteremsha mabehewa kwa nyaya za chuma kwenye njia ya muda, hadi njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901. Barabara yenyewe ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1942 walijenga kanisa dogo la mawe karibu na mwisho wa mteremko, na mpaka leo wasafiri husimama hapo kusali au kupiga picha. Ni dogo mno, lakini ukilifikia salama hukosi kushukuru.

Mtungi wa maji ya moto

Jina Mai Mahiu ni la Kikikuyu, na maana yake ni maji ya moto. Likumbuke jina hilo, kwani ndilo litakalotusaidia kuelewa kinachotokea ndani ya magurudumu.

Gari linaloteremka lina nguvu ambayo lazima iende mahali. Usipoizuia, inakuwa mwendo. Ukiizuia kwa breki, inakuwa joto. Chukua gari la kawaida la familia ambalo pamoja na abiria na mizigo lina uzito wa kilo 1,700. Likishuka mita 400 kwa wima, nguvu inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha mtungi mzima wa maji wa lita 20, kutoka ubaridi wa bomba hadi yatokote. Upepo na matairi humeza sehemu yake. Injini nayo iko tayari kumeza sehemu kubwa, mradi uiruhusu. Ukiinyima kazi hiyo, karibu joto lote litaingia katika vipande vichache vya chuma visivyozidi ukubwa wa sahani ya ugali.

Vipande hivyo mafundi huviita disiki, na kwenye magari mengi magurudumu ya nyuma yana drami badala ya disiki. Pedi huibana disiki ili kuizuia isizunguke, na kinachozisukuma pedi ni mafuta ya breki yaliyomo ndani ya mipira na mabomba membamba. Joto likizidi, mambo mawili hutokea. La kwanza, pedi hupoteza ushikaji wake. Unakanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo. La pili ni baya zaidi: mafuta ya breki hutokota. Mvuke hujaa ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali huzama hadi sakafuni kama umekanyaga mto wa manyoya.

Mafuta hayo yana adui mmoja, naye ni maji. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Yale yaliyoandikwa DOT 3 yakiwa mapya hayatokoti kabla ya nyuzi 205 za joto, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Kwa hiyo gari lililofunga breki barabara pale Thika Road, penye tambarare, laweza kukosa breki kabisa hapa, na fundi akilikagua kesho yake likiwa limepoa asione kasoro yoyote.

Gia huru si akiba

Kuna ushauri unaopitishwa kutoka dereva hadi dereva kwamba kwenye mteremko uweke gia huru, ama hata uzime injini, ili uokoe mafuta. Msomaji, ushauri huo umewazika wengi. Eneo la Salgaa, kati ya Nakuru na Mau Summit, lilipata sifa mbaya kwa miaka mingi kwa sababu ya malori yaliyokuwa yakiachiliwa yateremke hivyo.

Isitoshe, hata hiyo akiba yenyewe haipo. Magari ya kisasa yakiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, mtambo wake hukata petroli au dizeli isiingie kwenye injini. Ukiweka gia huru, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizime. Na ukiizima kabisa, kile kifaa kinachousaidia mguu wako kukanyaga breki huishiwa nguvu baada ya kukanyaga mara chache, usukani huwa mzito, na ukichomoa ufunguo waweza kujifunga.

Lililo kubwa hapa ni uhai wa watu wengine. Mnamo Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, likavamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Wale wachuuzi hawakuwa na safari yoyote. Walikuwa wakitafuta riziki mahali ambapo gari linaloshuka lisilodhibitiwa huishia. Wauza mahindi wa Mai Mahiu nao wameketi mahali kama hapo.

Namna ya kushuka

Kanuni ya wazee wa lori bado ni ile ile: shuka kwa gia ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo. Ichague kabla ya mteremko kuanza, si katikati. Kwa gari la gia za mkono, gia ya tatu au ya pili itakufaa kulingana na ukali wa mahali. Gari la gia za kujiendesha lina herufi L, S au B, ama tarakimu 2, karibu na ile D. Wengi hawajawahi kuzigusa, lakini ziliwekwa kwa ajili ya mahali kama hapa. Injini itanguruma kidogo. Usiogope, hiyo ndiyo sauti ya injini ikifanya kazi ambayo breki zingeifanya.

Pili, usiulaze mguu juu ya pedali. Breki iliyoguswa kidogo muda wote haipati nafasi ya kupumua. Acha mwendo upande kidogo, kanyaga kwa uthabiti mpaka upungue, kisha achia kabisa ili upepo upoze disiki.

Tatu, mpe nafasi aliye mbele. Anayefuata lori kwa karibu hulazimika kugusa breki kila mara lori linapogusa zake. Ukikaa nyuma kidogo, utashuka mlima mzima ukizitumia mara chache tu.

Nne, jifunze kutoka kwa wanaokimbiza magari kwenye viwanja vya mbio. Wao hawamalizi mbio na kusimama papo hapo. Hutenga mzunguko wa mwisho wa kwenda polepole bila ya kugusa breki sana, ili upepo uondoe joto. Nawe ukifika chini, tembeza gari taratibu kwenye ile tambarare kabla ya kuegesha. Ukisimama kama breki zimepata moto sana, egesha mahali palipo sawa, acha gari kwenye gia au kwenye P, weka jiwe kwenye gurudumu, na usivute breki ya mkono mpaka zipoe. Usizimwagie maji kamwe, kwani chuma cha moto kikimwagiwa maji hupinda au kupasuka.

Kabla ya kuondoka nyumbani, na hasa msimu wa likizo, mpitie fundi unayemwamini. Mwambie akague unene wa pedi, mipira ya breki kama ina nyufa, na mafuta yenyewe. Yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, na hewa itolewe kwenye mabomba. Kuongezea tu juu ya yale yaliyochakaa ni kupaka chokaa ukuta wenye ufa.

Pua ya mtoto

Breki hazifi ghafla bila ya kutoa habari. Kwanza huja harufu kali, kama ya mpira na kamba vinavyoungua pamoja. Kisha pedali hubadilika, ama inataka kukanyagwa kwa nguvu zaidi, ama inashuka chini kuliko ilivyokuwa asubuhi. Huenda ukaona moshi kwenye gurudumu. Ukipata dalili mojawapo, simama kwenye nafasi ya kwanza iliyo salama, na ukae nusu saa au zaidi. Vibanda vya wachuuzi havipungui, na mandhari hayatozi ada.

Na kama pedali itazama kabisa? Usiachie usukani. Ipige pedali haraka haraka, huenda ikarudisha nguvu kidogo. Shusha gia moja baada ya nyingine. Vuta breki ya mkono pole pole, usiikwapue, la sivyo gari litateleza. Washa taa za hatari, piga honi, na utafute mahali pa kupanda au pa changarawe patakapolimeza gari.

Mara nyingi wa kwanza kunusa ile harufu si dereva. Ni mtoto aliyeketi nyuma dirisha likiwa wazi, au mwanafunzi kwenye matatu anayerudi nyumbani Narok. Wengi hunyamaza, mtoto kwa kumheshimu baba, abiria kwa kuogopa kuchekwa na utingo. Baba na mama, waambieni watoto kabla ya kufika Rironi kwamba atakayesikia harufu ya kuungua ana ruhusa ya kupaza sauti, na gari litasimama. Nawe mwanafunzi, nauli uliyolipa inakupa haki ya kusema, "Dereva, breki zinanuka, tusimame." Abiria mmoja akianza, wengine humuunga mkono.

Mkifika Mai Mahiu, mtaona barabara ya Narok ikikata kushoto na ile ya Naivasha ikiendelea mbele. Hoteli za madereva wa malori zina chai na nyama choma, na jua la bondeni litawafanya mvue sweta mlizovaa Limuru. Agizeni chai na mketi kidogo huku magurudumu yakiendelea kupoa. Afadhali maji ya moto yawe ndani ya birika kuliko ndani ya mabomba ya breki.