Mombasa Inayolika: Kutoka Marikiti Hadi Mji wa Kale

Mgeni wa Mombasa hupelekwa kwanza Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mimi humpeleka soko la Marikiti, na mapema, kabla jua halijakaza. Hapo ataona jinsi vyakula vinavyosifiwa kwa kusaidia mzunguko wa damu vinavyouzwa kwa mafungu, bila kuitwa dawa.

Iliki, mdalasini na bizari hukupokea kwa harufu kabla hujaviona. Tangawizi mbichi imelala kando ya kitunguu thomu. Mpwani huitwanga thomu kabla ya kuitia chunguni, na ndivyo ipasavyo: alisini, kemikali yenye ule ukali, hutokea punje zinapopondwa.

Mbele kuna mchicha, mnavu na kisamvu. Mchicha una naitreti nyingi. Bakteria wa ulimini huanza kuzibadili, na mwishowe mwili hupata naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ili damu ipite kwa wepesi. Kazi ya gesi hiyo mwilini iliwapa wanasayansi watatu wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Hapa fungu la mchicha bado ni kitoweo cha mtu wa kipato chochote.

Kwa samaki, wenye mfuko mnene huulizia changu. Wewe chukua vibua: ni rahisi, vitamu vikichomwa kwa ndimu na pilipili, na vina mafuta ya omega-3 yanayopunguza mafuta kwenye damu.

Asubuhi ni mbaazi za nazi na mahamri. Mbaazi zina nyuzinyuzi na potasiamu. Tui zito na hamri la kukaanga ndivyo vya kula kwa kiasi. Papa mkavu naye ni mtamu, ila chumvi yake ni adui wa presha. Na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe kiasi cha mboga za majani bila kumwambia daktari, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Jioni ingia Mji wa Kale unywe kahawa tungu yenye tangawizi. Vichochoro ni vyembamba, gari halipiti, kwa hiyo utatembea upende usipende. Hakuna chakula kinachoisukuma damu kama miguu, na Mombasa hukupa vyote viwili kwa siku moja.