Tazama Kando ya Njia

Kabla hujaingia katika maswali na majibu, hebu tutembee kidogo. Ninakokupeleka hakuna mlima wa kupanda. Ni Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu ya Nairobi, mahali ninapopenda kupita kila msimu wa kusahihisha mitihani unapomalizika.

Kutembea Arboretum si kazi. Kuna njia zilizosakafiwa, hivi kwamba hata mzee mwenye mkongojo au mama anayesukuma kigari cha mtoto hupita bila taabu. Upande wa chini kuna Kirichwa Kubwa, kijito kinachokwenda kujiunga na Mto Nairobi. Nje ya ua kuna majumba ya ghorofa na honi za magari. Ndani kuna kivuli, tumbiri wanaovizia ndizi za watu, wanafunzi wa vyuo wanaosoma nyasini na waumini wanaoomba kwa sauti chini ya miti. Mtu anaweza kuifuata njia hiyo hadi mwisho, akatoka langoni na kusema ameiona Arboretum. Mwulize ameona miti gani. Atakujibu, "Mikubwa."

Jibu la namna hiyo nimelisoma mara nyingi katika karatasi ya Fasihi. Swali linataka mtahiniwa afafanue umuhimu wa mandhari. Yeye anaandika kwamba matukio yanafanyika msituni, kisha anaweka nukta na kwenda swali linalofuata. Hajasema uongo. Hata hivyo, aliulizwa umuhimu, naye ametaja mahali tu. Mtahini hana pa kumpa alama.

Sasa acha kutazama miguu yako, uitazame miti. Mingi ina vibao vya majina, na mingi asili yake si hapa. Mkaratusi, kwa mfano, ni mti wa Australia. Uliletwa kufanya nini Nairobi? Bustani hii ilianzishwa mwaka wa 1907. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901, na magarimoshi ya siku hizo yalihitaji kuni. Serikali ya kikoloni ilitafuta miti inayokua haraka, ikaleta ya kigeni na kuijaribu hapa. Kwa hivyo kivuli unachopumzikia leo kilianza kama hesabu ya kuni. Mahali palipotengwa ili ijulikane ni miti gani itafaa kuchomwa, leo ndipo miti inapolindwa isikatwe. Hicho ni kinaya, nacho hukioni ukiishia kusema kwamba mandhari ni ya kupendeza.

Kitazame na kijito. Maji yake huingia Mto Nairobi, ambao huingia Mto Athi. Athi huteremka ukaitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Malindi. Takataka inayotupwa Kileleshwa ina njia ya kufika pwani. Msuko wa riwaya na tamthilia hufanya kazi vivyo hivyo. Neno analotamka mhusika katika kurasa za mwanzo, ukalipita kwa sababu lilionekana dogo, huenda ndilo linalovunja familia yake mwishoni. Asiyefuata maji huulizwa sababu ya mgogoro akabaki kuutaja mgogoro wenyewe.

Mwongozo ulioushika ni njia iliyosakafiwa. Sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa njia kama hiyo ina faida. Humsaidia anayeingia mara ya kwanza asipotee. Ubaya huja pale watahiniwa wengi wanapotembea juu ya sakafu pekee. Sisi watahini tunaijua sakafu hiyo. Hoja zilezile huja kwa mpangilio uleule, na mfano uleule kutoka sura ileile, mtihani baada ya mtihani. Kisha linakuja dondoo kutoka ukurasa ambao hakuna mwongozo ulioutaja. Unaambiwa ueleze muktadha wake kwa alama 4: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi na kwa sababu gani. Aliyesoma kitabu anaandika kwa dakika chache. Aliyesoma muhtasari anabahatisha, na alama hizo 4 zinampita. Wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi nakupa zoezi. Kila jioni, chukua kitabu teule chenyewe, ufungue ukurasa mmoja na kuusoma polepole. Chagua kitu kimoja kilichomo: mti, mlango, barua, mvua, hata sahani ya chakula. Jiulize maswali matatu. Kitu hiki kimefikaje hapa? Kinamfaidi nani au kumuumiza nani? Kinaelekea wapi katika hadithi? Andika majibu kwa maneno yako, sentensi mbili tatu zinatosha. Ukikwama, rudi kurasa kumi nyuma kabla ya kumwuliza mtu. Ukimaliza, ndipo ufungue mwongozo huu na kulinganisha. Siku utakayopata jambo ambalo sisi tulioandika hatukulitaja, na ukaweza kulithibitisha kwa mfano kutoka kitabuni, usilifute. Liandike kwenye mtihani. Huwa tunalitafuta.