Teja Naye Alikuwa Mtoto
Huku Ng'ambo, Tabora, teja akipita watu huuliza alianza lini unga. Nani anauliza alipigwa na nani akiwa na miaka 7? Mwaka 1998 Felitti na Anda wa Marekani walichapisha utafiti: waliopata mateso ya aina nne au zaidi utotoni walikuwa na hatari ya ulevi na madawa mara 4 hadi 12. Tena magonjwa ya moyo, ini, mapafu. Mapafu, jamani! Mshikaji wangu wa kijiweni, aliyelelewa kwa mkanda wa baba wa kambo, ana miaka 26 na anakohoa kama babu. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hutuliza arosto. Lakini bizimu ya mkanda ikilia chumba cha jirani, yeye macho hadi alfajiri.