Diski Mbili kwa Sanduku Moja Si Bakapu

Wasee, leo nitawaudhi wengine lakini acha niseme. Ukiwa na diski mbili ndani ya kompyuta moja, ndani ya nyumba moja, huna bakapu. Una diski mbili tu.

Mimi nakaa Garsen. Seva yangu ni kompyuta kuukuu ya mezani niliyoiwekea Linux, na diski mbili za terabaiti moja moja zinazoandika kitu kile kile kwa pamoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Humo ndani kuna video zangu zote, picha za harusi za nusu ya mtaa, na rekodi za bibi yangu akiimba nyimbo za Kipokomo alizoimbiwa yeye akiwa mtoto. Bibi hayupo tena. Sasa elewa kwa nini seva ikikohoa tu, mimi sili.

Mwezi uliopita ilikohoa. Kunakili video moja kulichukua nusu saa, halafu mashine ikaganda. Kila mtu ananiambia nunua diski mpya. Ngoja kwanza, bana. Kuna maswali matatu ya kuuliza kabla hujatoa pesa.

La kwanza: imejaa? Andika df -h uone. Ukikuta nafasi ipo na bado inakataa kuandika, jaribu df -i. Faili ndogo ndogo zikizidi, zinaweza kumaliza idadi ya faili ambayo mfumo unaruhusu, hata kama nafasi imebaki.

La pili: ni kebo? Soma ripoti ya afya ya diski kwa smartctl -a. Ukiona namba ya UDMA_CRC_Error_Count inapanda, mara nyingi diski haina shida. Ni kebo imelegea au imechoka. Na kwa hili vumbi letu, fungua sanduku upanguse, mambo ya joto yapungue.

La tatu: ni diski yenyewe? Current_Pending_Sector ikizidi sifuri, kuna sehemu diski inashindwa kuzisoma. Reallocated_Sector_Ct ikizidi kupanda, inahama kutoka sehemu mbovu kwenda za akiba, na akiba huisha. Ukisikia tik-tik-tik, zima. Na usikimbilie fsck, kwa sababu inaandika juu ya diski ambayo tayari ni mgonjwa. Nakili kila kinachosomeka kwa ddrescue, halafu ukarabati ufanyie kwenye nakala.

Yangu ilikuwa hiyo ya tatu. Nikaitoa ile mbovu, nikaweka nyingine, na ile nzima ikaanza kuijaza usiku kucha. Usiku huo nililala fofofo, na si kwa sababu naziamini diski. Ni kwa sababu sauti ya bibi iko pia Malindi, kwa shangazi, kwenye diski ya nje inayosafiri na matatu kila mwezi.

Sisi watu wa Tana tunajua jambo hili kuliko mtu yeyote. Huu mto una urefu wa kilomita 1,000 hivi, mrefu kuliko yote Kenya. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, huku chini tunapata mafuriko hata kama kwetu hakuna wingu. Ilikuwa hivyo El Niño ya 1997, ikawa 2018, ikawa tena 2023 na 2024. Maji yakiingia nyumbani hayaulizi diski ya kwanza ni ipi na ya pili ni ipi. Mwizi naye anabeba sanduku zima. Na ukifuta faili kwa bahati mbaya, imefutika kote kote, sekunde ile ile.

Mtu wa Nairobi ataniambia weka tu mtandaoni. Sawa, wewe una faiba. Mimi napakia kwa bando, terabaiti nzima nitazeeka nayo. Kwa hivyo nachagua. Video za kuchekesha zikipotea nitatengeneza zingine. Bibi sitamrekodi tena.

Halafu fikiria hili. Sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. 1963, tume ilipokuwa ikiutayarisha, wimbo ule ulikuwa bado hai, na haukuwa umehifadhiwa kwa sanduku la mtu. Ulikuwa kwa midomo ya akina mama. Kijiji kimoja kikihama maji, kijiji kingine bado kinaimba. Hiyo ndiyo bakapu.

Kwa hivyo wikendi hii chagua vitu ambavyo huwezi kuvirudia. Vinakili, mpe mtu unayemwamini wa mji mwingine. Ukifika kwake fungua faili moja usikilize mpaka mwisho, uhakikishe inasoma. Na kama nyumbani kuna mzee anayejua nyimbo, anza na yeye. Diski zinauzwa kila siku.