Chungu Kilichokimbia

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tangu shule ya msingi nimeisikia methali hii kama onyo: usitanie ovyo, utazua makubwa. Likizo ya mwaka 2024 ilinionyesha upande wake wa pili, na ndio ninaotaka kuwasimulia wenzangu.

Nilizaliwa Itaba, mkoani Gitega, mwaka 2003. Kiswahili nilikiokota Muyinga, ambako mama alikwenda kufanya biashara ndogo sokoni. Ukikaa Muyinga, karibu na njia ya kwenda mpaka wa Kobero, Kiswahili kinakuingia hata kama hukukitafuta. Kwa hiyo niliporudi Itaba likizoni, nikaombwa kusaidia kikundi kilichokuwa kikihudumia watoto kwa tiba ya michezo. Mwanasaikolojia aliyekiongoza, mama wa makamo, alizungumza Kirundi na Kifaransa. Baadhi ya watoto walikuwa wamerudi na wazazi wao kutoka Tanzania, na Kiswahili ndicho kilichowatoka kwa urahisi. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri.

Hatukuwa na chumba maalumu. Tulikuwa na mkeka chini ya mparachichi, udongo wa mfinyanzi, vijiti, vifuniko vya chupa na mpira wa majani makavu ya migomba. Mama yule alinieleza kwamba mtoto mdogo hawezi kuketi kitini akaeleza huzuni yake kama mtu mzima. Huieleza kwa mikono yake, kwa kujenga, kubomoa na kujifanya mtu mwingine. Kazi ya mkubwa ni kuwa karibu, kutazama na kumfuata.

Kulikuwa na mvulana wa miaka minane, ambaye nitamwita Mdogo. Alikuwa amelelewa Kigoma. Siku zake za kwanza Itaba, kuku wa jirani aliponyoka, naye akataka kuwatahadharisha wenzake kwa Kirundi. Kuku kwa Kirundi ni *inkoko*, na chungu cha kupikia ni *inkono*. Ulimi ukamteleza. Akapiga kelele kwamba chungu kinakimbia. Watoto walicheka mpaka wakajilaza chini, na tangu siku hiyo wakamwita Chungu. Mdogo akaacha kuzungumza na watoto wenzake, kwa Kirundi na kwa Kiswahili.

Mimi nilijiona nina dawa. Kwetu nyumbani najulikana kwa vichekesho, na nilikuwa nimesoma kwamba kicheko hulegeza mwili wenye hofu. Siku ya tatu nikaketi karibu naye, nikachukua donge la udongo, nikalikimbiza juu ya mkeka nikisema, "Jamani, chungu kimekimbia! Kikamateni!" Watoto wengine walicheka. Mdogo alinitazama kidogo, akaukanyaga udongo wake wote, akaenda kusimama nyuma ya mti hadi kipindi kikaisha.

Jioni mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, leo ulicheka na nani?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekaririshwa minyambuliko ya vitenzi mpaka tukachoka: cheka, chekea, chekesha, chekana. Lakini sikuwahi kuona kwamba ndani ya kitenzi kimoja kuna watu wanaoumia na watu wanaopona. Kumcheka mtu ni kumtoa nje. Kucheka naye ni kumkaribisha ndani. Nilidhani ninamchekesha Mdogo, kumbe nilikuwa nimemcheka mara ya pili, tena nikiwa mtu mzima aliyetakiwa kumlinda.

Usiku ule nikamkumbuka bibi yangu. Tarehe 9 Septemba 2002 raia zaidi ya 170 waliuawa hapa Itaba, na bibi alipoteza ndugu siku hiyo. Nimekua nikijua kwamba kuna maneno yasiyosemwa nyumbani kwake. Hata hivyo, bibi ni mtani mkubwa. Huniita mke mwenzake na kunilaumu kwamba nimemnyang'anya mume. Mara moja moja yeye mwenyewe husimulia jinsi alivyokimbia siku ile akiwa na mwiko mkononi, kana kwamba huko porini angekuta uji wa kukoroga. Hucheka, nasi tukacheka naye. Lakini siku binamu yangu alipoanzisha yeye mzaha wa mwiko, bibi aliinuka akaingia ndani. Hakuna aliyethubutu tena.

Radcliffe-Brown, katika makala yake ya 1940, aliueleza utani kuwa uhusiano ambamo desturi humruhusu mtu, na wakati mwingine humtaka, kumtania mwenzake, na mwenzake asikasirike. Desturi hiyo naijua vizuri, maana ndiyo inayompa bibi ruhusa ya kuniita mke mwenzake. Ila mzaha wa mwiko hauko chini ya desturi hiyo. Una mwenyewe.

Kesho yake nilimwambia Mdogo, "Jana nilikukosea. Nisamehe." Hakujibu. Nikaketi kando yake nikifinyanga bila kusema neno. Virginia Axline, Mmarekani aliyeandika kitabu juu ya tiba hii mwaka 1947, alisisitiza kwamba mtoto ndiye anayeongoza njia na mtaalamu hufuata, wala jambo hili haliharakishwi. Kwangu mimi, msema ovyo, kunyamaza kulikuwa adhabu. Mdogo akifinyanga nyumba, nami nilifinyanga nyumba. Akibomoa, nami nilibomoa.

Katika juma la pili alifinyanga chungu. Akakitazama, kisha akakibandika miguu minne ya vijiti. Akakitembeza polepole hadi ukingoni mwa mkeka, akaniangalia usoni.

"Dada, chungu kimekimbia."

Moyo ulinipiga. Nikauliza, "Kimekwenda wapi?"

"Kigoma."

"Kimefuata nini huko?"

Akafikiri. "Kimechoka kupikwa." Akaangua kicheko, nami nikacheka naye mpaka machozi yakanitoka. Alipotulia akaongeza kwa sauti ndogo kwamba huko Kigoma ana rafiki, na hakumuaga.

Hapo ndipo nilipoielewa methali kwa namna nyingine. Mzaha hutumbua usaha, ndiyo, na jipu lisipotumbuka halipoi. Ila mwenye jipu ndiye anayejua siku limeiva.

Siku chache baadaye nilimsimulia hekaya ya Abunuwasi na sufuria aliyoazima kwa jirani, akairudisha na ndogo yake akidai imezaa. Mdogo aliwapelekea wenzake hadithi hiyo kwa Kirundi cha kubahatisha. Alipokosa neno, aliwauliza, nao wakampa. Safari hii walicheka pale alipotaka wacheke.

Sitaki kudai kwamba amepona. Nilipoondoka alikuwa bado hataki kusoma kwa sauti darasani, na wapo waliomwita Chungu. Lakini sasa huitika, "Naam, ninakimbia!" na kutimua mbio, na wao wakamfuata.

Nimerudi chuoni na vichekesho vyangu. Siku hizi, kabla sijafungua mdomo, hujiuliza swali la mama yule.